Phelis Nyabate, Aliyesema Sauti Sio Safi

Usiku ukishakwenda sana, watu wote wamelala, sauti inayobaki katika mashamba ya chai ya Kericho ni ya feni za kiwanda zikikausha majani, zinanguruma mpaka asubuhi, na aliyezaliwa hapo huwa hazisikii tena kwa sababu amezizoea, lakini marehemu wetu alizisikia tangu utotoni, na baba yake, Mzee Mokaya, aliyekuwa fundi wa feni hizo hizo, ndiye anayesema kwamba mtoto huyu alikuwa anaamka kitandani na kumwambia, "Baba, moja imenyamaza," na mzee akienda kuangalia anakuta ni kweli, moja imesimama, na mpaka leo hajaelewa mtoto alijuaje.

Wachungaji wetu, wazee, majirani, wafanyakazi wenzake na nyinyi nyote mliokuja hapa Kaplong kutusindikiza, familia ya Mokaya alikozaliwa marehemu na familia ya Ogola alikoolewa zimemtuma Janeffer, mke wa Ombui ambaye ni kitinda mimba wa nyumba ya Mokaya, awasomee maisha ya marehemu, na mumvumilie, kwa sababu hajawahi kusimama mbele ya watu wengi namna hii, anaposhikwa na woga yeye husoma mbio, na mtoto wake wa miezi mitano ameshikwa hapo nyuma na anaweza kuanza kulia wakati wowote.

Phelis Nyabate Mokaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 katika zahanati ya shamba la chai huko Kericho, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia kutoka Kisii kutafuta kazi, mama akichuma majani na baba kiwandani, naye akapewa jina la Nyabate kwa ajili ya bibi yake mzaa baba, mama aliyesifika kwa kuuliza maswali mpaka wageni wanaaga kabla ya chai, na wale waliomjua bibi wanasema jina lilimkaa Phelis sawasawa.

Alisoma shule ya msingi ndani ya shamba hilo mpaka mwaka 2002, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana huko Kisii kuanzia Februari 2003 hadi Novemba 2006, na huko wakati wenzake wanang'ang'ania kuigiza kwenye tamasha za drama, yeye alikuwa anasimama kando ya spika, anauliza kwa nini sauti ya msichana mwembamba inatoka nene, na mwaka 2008 akapata nafasi katika chuo cha filamu na televisheni Nairobi, akasomea kurekodi sauti, akahitimu mwaka 2010. Siku aliyoondoka baba yake alimuuliza, "Hii kazi ni ya kufanya nini hasa?" akajibu, "Ni kusikiliza, baba," mzee akafikiri, akasema, "Na mtu anaandikwa kazi ya kusikiliza?" na kwa muda mrefu majirani walimpa mzee pole, kwamba msichana ametoka kwao akili timamu akaenda Nairobi kusomea kusikiliza.

Kazi alianza mwaka huo wa 2010, akizunguka na vipindi vya televisheni, na mama yake alikuwa anakusanya majirani kila jioni ya kipindi, wanatazama mpaka mwisho, wanauliza, "Mbona Phelis hatumuoni?" mama anawaambia ngojeni, na hadithi ikiisha na yale majina madogo yakianza kupanda mbio, anainua mkono juu na kusema, "Nyamazeni, mtoto wangu anapita!" na nyumba nzima inanyamaza, ingawa hakuna aliyewahi kulisoma hilo jina hadi mwisho wake.

Ndoa yake ilitoka kazini pia. Mwaka 2011 walikuwa wanapiga picha karibu na Sotik, na Okoth Ogola, fundi wa mitambo ya kupoza maziwa hapa Kaplong, akaitwa alete jenereta, akaiweka, Phelis akavaa hedfoni zake akamwambia naisikia, isogeze, akaisogeza, akaambiwa bado naisikia, akasogeza tena, mpaka akafika nyuma ya kilima, na hapo akampigia simu akamuuliza, "Dada, sasa nikiwa huku nitakuwa nakuonaje?" Walifunga ndoa Jumapili tarehe 16 Desemba 2012 katika kanisa letu la Kaplong, na wale waliokuwa wananong'ona eti Mkisii na Mjaluo watalea watoto kwa lugha gani, wameshajibiwa, watoto wanazungumza Kipsigis, lugha ya hapa, kuliko sisi sote.

Mungu aliwabariki na watoto wawili, Oketch aliyezaliwa tarehe 8 Februari 2014, na Molly aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2018, na ni kwa sababu ya Oketch kwamba leo kuna magari kutoka Nairobi, Kisumu na Nakuru yamejaa barabarani mpaka kwa posta, kwa hivyo hapa historia itakwenda polepole kidogo.

Oketch alipokuwa wa miezi mitano, Phelis aliitwa kurekodi sauti ya tamthilia iliyokuwa inapigwa picha kwenye mashamba ya chai kati ya Kericho na Bomet, na kila aliyemuuliza ushauri alimwambia angoje mtoto aanze shule, lakini yeye alijua katika kazi hiyo mtu akikataa mara moja jina lake linasahaulika, akaenda, na hakumwambia mtu kwamba ana mtoto anayenyonya, akamwacha na mama mmoja mchuma chai ng'ambo ya bonde, kwenye kibanda cha kupimia majani. Asubuhi alivaa hedfoni zake, akaelekeza maikrofoni kule, akasikiliza, hakuna kitu, akatulia. Lakini alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Kericho analijua, kwamba saa za mchana mvua ikikaribia upepo hugeuka, na kibanda kilichokuwa kimya asubuhi sasa upepo ulikuwa unakipitia na kuja moja kwa moja kwao.

Kwa wale ambao hawajui kazi hiyo, mtu wa sauti anashika fimbo ndefu yenye maikrofoni kwenye ncha, anaiinua kwa mikono miwili juu ya vichwa vya waigizaji, na kila tukio likiisha mwelekezi anamuuliza yeye kwanza, kwa sababu ndiye peke yake anayesikia kila kitu, na anatakiwa kujibu neno moja, safi au sio safi. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Bomet, tukio lilikuwa la mwisho, waigizaji wakalifanya vizuri sana, na katikati yake, ndani ya hedfoni, Phelis akamsikia Oketch analia, mbali, kidogo sana, hakuna mwingine aliyesikia.

Mwelekezi, Bwana Kipkirui, akasema, "Kata! Sauti, tuko sawa?"

Phelis akasema, "Sio safi."

"Ni nini? Ndege?"

"Ni mtoto analia."

"Mtoto wa nani tena huku kwenye chai?"

"Ni wangu."

Watu wakageuka, Kipkirui akavua kofia akaivaa tena, akasema, "Mama, hii ni kazi ama ni kliniki?" na wengine wakacheka, na ndipo mama mmoja aliyekuwa anafuatilia mpangilio wa matukio, Monicah, akaacha kazi yake akamsogelea Phelis, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ngoja kwanza, wewe hii sauti ulisomea wapi?" Phelis akamtajia chuo. "Mwaka gani?" Akamwambia. Monicah akasema yeye alitoka pale miaka minne mbele yake, na Beldina, aliyekuwa anawapaka waigizaji poda, akasikia akaja na brashi mkononi, "Hata mimi ni wa pale! Kwani mlikuwa mnakaa hosteli gani?" na hapo katikati ya chai, mvua inakuja, mwelekezi anawaka kwa hasira, wanawake watatu waliokuwa wamefanya kazi pamoja wiki nzima bila kujuana wakaanza kuulizana habari za mpishi wa chuo. Monicah akamwomba Kipkirui mtoto aletwe anyonye halafu tukio lirudiwe, na Kipkirui akajibu, mchungaji asamehe, "Mvua haingoji titi." Na kweli haikungoja, ikanyesha, tukio halikurudiwa, na jioni hiyo Phelis akaambiwa asirudi kesho.

Alirudi Kaplong analia, na Okoth anasema hakulia kwa sababu ya kazi ile moja, alilia kwa sababu aliona mlango umefungwa wote, kwamba kuanzia siku hiyo atakuwa ama mama ama mtu wa sauti, na hawezi kuwa vyote viwili. Lakini kesho yake Monicah na Beldina hawakushuka kwenye gari, walimwambia Kipkirui kama Phelis hayupo basi atafute na wengine wa kupaka poda na kufuatilia matukio, na Kipkirui, ambaye ni mtu wa hasira lakini si mtu mbaya, na ameketi hapa mbele yetu, alichukua hedfoni akaisikiliza ile rekodi mwenyewe, mara ya kwanza hakusikia kitu, mara ya pili hakusikia, mara ya tatu akasikia kitoto kinalia ng'ambo ya bonde, akavua hedfoni, akapiga simu Kaplong akasema, "Mama Oketch, rudi, na huyo mtoto uje naye, lakini umweke upande ule upepo unaelekea, sio unakotoka."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mtandao wa wanawake waliosoma pale, wanaouita Dada wa Chuo, ulianza na watatu na mtoto mmoja, ukaandikishwa rasmi mwaka 2016, na leo una wapiga kamera, waandishi wa hadithi, wahariri wa picha, wasomaji wa taarifa, wanatafutiana kazi, wanaazimana vifaa, wanampigia simu yule anayekaa nyumbani akidhani amesahauliwa, na wana desturi yao wanayoiita zamu ya mtoto, kwamba mwanachama mwenye mtoto mchanga akipata kazi, mwenzake anakuja kukaa na mtoto karibu na mahali pa kupigia picha, na kabla ya kukaa anarusha majani makavu hewani kuangalia upepo, asubuhi mara moja na mchana tena, na kuna mameneja wa mashamba waliodhani wanawake hawa wanafanya uganga.

Mwaka 2019 palikuwa na ubishi, Phelis alitaka kila mwanachama aruhusiwe kumleta mwanamke mmoja ambaye hakusoma pale, na Beldina akasema kwenye mkutano, "Hiki ni chama cha waliohitimu, sio cha mashemeji!" Phelis akamjibu, "Na wewe poda ulifundishwa kwanza na nani, si jirani yenu wa Kisumu? Yeye alihitimu wapi?" wakacheka, wakapitisha, na hivyo Janeffer anayewasomea, aliyeishia kidato cha nne, akaingia kwa zamu za watoto, akawa anakaa nyuma na Molly mgongoni anasikiliza jinsi kazi inavyofanywa, mpaka Phelis akaanza kumvalisha hedfoni na kumuuliza, "Unasikia nini? Na nyuma ya hicho unasikia nini?"

Lakini lilikuwapo jambo ambalo marehemu hakulipenda, na ni vizuri lisemwe. Kila msichana mpya alikuwa anasimuliwa ile siku ya chai, jinsi Phelis alivyokuwa jasiri, alivyoweza kunyamaza na hakunyamaza, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake, Monicah anasema ni uaminifu, Okoth anasema ni malezi ya kanisa, Mzee Mokaya anasema ni zile feni, Kipkirui anasema ni kiburi tu, na hadithi ikawa kubwa kila mwaka, mpaka wasichana wengine wakawa wanaisikiliza na kuondoka kimya, wanajiambia mimi sina moyo kama huo, na mmoja wao ni Janeffer, ambaye mwaka huu alipewa nafasi ya kwanza ya kushika maikrofoni katika kipindi kinachoanza kupigwa picha huko Mulot, akakataa, akapewa tena, akakataa tena, kwa sababu mtoto wake ni mchanga, na alikuwa na hakika siku yake ikifika yeye atasema safi.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi wa Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alivumilia sana, hata huko aliwauliza wauguzi kila mlio wa mashine ni wa nini, na akawajulisha siku moja kwamba mashine ya kitanda cha pili inalia tofauti na zile nyingine, fundi akaja akaiangalia, akasema mama amesema kweli. Mwezi uliopita Janeffer alikaa naye hospitalini, mtoto mapajani, akajikaza akamuuliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyemuuliza mwenyewe, "Dada, siku ile ulipata wapi ujasiri?"

Phelis akamwangalia. "Ujasiri gani?"

"Wa kusema ni wangu."

"Nani alikuambia nilikuwa jasiri?"

"Wote."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mirija, halafu akasema, na Janeffer anayasoma kama alivyoambiwa, "Mimi nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme safi. Lakini wewe unanyonyesha, unajua, ukimsikia mtoto analia maziwa hayaombi ruhusa. Yakaja. Fulana ikalowa mbele yote, na mikono yangu yote miwili iko juu na ile fimbo, siwezi kujifunika, siwezi kuishusha. Nikaona hawa wakigeuka wataniuliza nimemwagikiwa na nini, na nitawaambia nini? Nikaona afadhali nianze mimi. Basi. Huo ndio ujasiri."

Janeffer akamuuliza kwa nini hakuwahi kusema, akajibu, "Mwanzoni ilikuwa aibu, baadaye ikawa tamu, nani anakataa kuitwa jasiri? Lakini nawaona wasichana wanaogopa kwa ajili ya kitu ambacho hata mimi sikuwa nacho. Siku ukisoma historia yangu waambie hao, kila mtu anaogopa, mwende hivyo hivyo mkiogopa. Halafu habari ya fulana iishie hapo, usiitangaze. Na Kipkirui asiambiwe, atanicheka hata kaburini." Familia ilijadili jambo hili jana jioni, na kwa kuwa Bwana Kipkirui alifika mapema kuliko wote na akasaidia kupanga viti, haikuwezekana kumwomba atoke.

Hali yake ilibadilika ghafla, na asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2025 akatutoka, mume wake akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake wote wawili, ndugu wanne, na wanawake wengi ambao wanamwita dada na hakuna damu kati yao. Familia hizi mbili zimekubaliana bila ugomvi apumzike hapa kwenye shamba lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza miaka hiyo miwili bila kuchoka na maswali yake, majirani wa Kaplong, Wakipsigis, Wakisii na Wajaluo, waliotuletea maziwa na kuni kabla hatujaomba, kanisa lililokesha nasi kwa nyimbo, watu wa kiwanda cha chai waliomleta Mzee Mokaya kwa gari lao, Bwana Kipkirui na kampuni yake, na Dada wa Chuo, ambao tangu wiki jana wamegawana zamu ya kukaa na Molly na Oketch, na Monicah amesema zamu hizo hazitaisha leo. Familia imeombwa pia itangaze kwamba ile nafasi ya Mulot bado ipo, na Janeffer atakwenda Jumatatu asubuhi, mtoto mgongoni, Beldina akiwa kwenye zamu, na anaogopa sana, hata sasa hivi mistari hii anaisoma mbio na nyote mnasikia, lakini atakwenda.

Ulale vizuri, dada Phelis, mwili wako upate raha uliyoikosa. Ulichotuma kisemwe kimesemwa, wasichana wako wamesikia wote, na kuhusu ile fulana, sisi mia tatu na zaidi tuliokusanyika hapa, pamoja na Kipkirui ambaye tayari anacheka na kujifuta macho, tunakuahidi mbele ya kaburi lako kwamba hatutamwambia mtu mwingine.